Mgeuko kwa Berardo Iezzi

Hamilton, Kanada
12 Januari 1974

Ersilia,

Utashangaa kuuona mwandiko wangu. Hata mimi nimeshangaa kujikuta nimeshika kalamu. Lakini miaka imekwenda, sote ni watu wazima sasa, na nadhani hasira za ujana zina mwisho wake.

Huku hatujambo. Bado niko kiwanda cha chuma, ila sasa ni msimamizi wa zamu, sigusi moto tena. Sisi watu wa Colledonato tulioko Hamilton tumewazidi wingi nyinyi mliobaki huko Italia. Tuna klabu yetu, tuna ukumbi chini ya kanisa, na tangu mwaka juzi mwenyekiti ni mimi. Sikukuu ya Mtakatifu Donato tunatembeza sanamu barabarani, na polisi wanatufungia njia.

Aibu yetu ni moja. Serikali ya huku imeanza kuita kila taifa lionyeshe ngoma zake. Waukraine wanaruka kama wamefungwa springi miguuni. Wagiriki wanashikana mabega hadi jukwaa linatikisika. Sisi tukiitwa, vijana wetu wanacheza nusu twisti, nusu polka, na matari ya dukani yenye picha ya Napoli. Mwaka jana Mgiriki mmoja aliniuliza kama bado tuko mazoezini.

Nataka ngoma ya tepe. Ile yetu ya kuuzunguka mlingoti, wanaume kwa wanawake, tepe zinasukwa hadi chini kisha zinafumuliwa bila fundo hata moja. Kodiani bado naipiga. Ila hatua zenyewe, nani apite chini ya nani, hakuna anayezikumbuka zote. Bi Assunta anakumbuka mwanzo, kisha analia. Kila ninayemuuliza ananitajia jina lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza.

Basi tuandikie jinsi inavyochezwa. Jina lako litasomwa mbele ya watu wote. Binti yangu Mirella atawafundisha wenzake.

Wasalimie wote wanaonikumbuka.

Berardo Iezzi
Mwenyekiti


Colledonato
9 Februari 1974

Bwana Mwenyekiti,

Wanaokukumbuka huku ni mimi na ndugu yako Sabatino, na Sabatino siku hizi hakumbuki hata kofia yake iko wapi. Kwa hiyo salamu zako nimezipokea peke yangu, na sijui niziweke wapi.

Hasira za ujana, unasema. Naona moshi wa kiwanda umekuingia kichwani, ngoja nikupepee. Uliondoka hapa ukiwa mchumba wangu. Tulikubaliana ndoa ifungwe bila wewe kuwapo, Sabatino asimame kanisani mahali pako, kisha mimi nipande meli nikufuate. Gauni likashonwa. Padri akatangaza. Wiki ileile ya ndoa mama yako akapata barua yako, akaenda nayo bombani, akaisoma kwa sauti mbele ya wanawake wenye ndoo zao: umesikia kwamba mimi nimeonekana kwenye kinu cha unga na askari, na wewe huwezi kuoa mabaki ya askari. Neno lako hilo, Berardo. Mabaki.

Sikuwa nimemjua mwanamume yeyote, hata wewe mwenyewe. Nawe ulilijua hilo. Ulikuwa umeshamposa binti wa nyapara wako ili akutoe kwenye tanuri, ukakosa namna ya kuniacha na sura yako ikabaki safi. Ukaichafua yangu.

Baba yangu alikufa bila kunitazama tena usoni. Na Agosti ile nilipokwenda kushika utepe wangu kwenye ngoma, wanawake walinifanyia mgeuko. Usijifanye hujui ni nini. Kwetu aliyevunja ahadi hafukuzwi wala hatukanwi. Wanawake wanaziachia tepe zikamwangukie pale mlingotini, wanajifunika mitandio, wanamgeuzia mgongo, kimya. Kodiani inaendelea kulia mpaka mwenyewe aondoke. Nilisimama pale na tepe zimenifunika, nikiitazama migongo ya wasichana niliowafundisha mimi kutembea. Kwa ahadi uliyoivunja wewe.

Leo unaitaka ngoma. Kacheze twisti.

Ersilia Colasante


Hamilton
3 Machi 1974

Shikamoo Shangazi Ersilia,

Hunijui. Mimi ni Mirella, binti wa Berardo Iezzi. Barua yako ilipofika baba aliisoma amesimama, akaitia ndani ya jiko, akasema wewe ni mgonjwa na huwezi kuandika. Lakini bahasha ilibaki mezani na anwani nimeiona, na mwandiko ule si wa mgonjwa.

Nina miaka ishirini. Nafanya kazi kwenye duka la vitambaa, na jioni niko na wenzangu ukumbini. Sijafika Colledonato. Lakini kwenye harusi zetu, wanawake wazee wakiwa jikoni wanafunga biskuti za ferratelle, mmoja anaanza kupiga kiganja kwenye sinia, na Bi Assunta anaanza: hatua mbili, anazunguka, anainama kama anapita chini ya kitu. Kisha anasimama pale pale, kila mara mahali pale pale, anajifuta macho na aproni, anasema, "Basi, basi, leteni sahani." Mimi nabaki na miguu inaniwasha.

Naomba unisamehe kwa ninavyosema: ukifa wewe, itakufa nawe. Kama una ugomvi na klabu, au na baba, mimi sijui. Hii naiomba mwenyewe.

Binti yako,
Mirella


Colledonato
21 Aprili 1974

Mirella mwanangu,

Una mdomo. Hilo si la baba yako, sijui umelitoa wapi.

Unasema kweli, itakufa nami. Huku wasichana wamekwenda Pescara, Ubelgiji, Australia. Shule imefungwa. Mlingoti wenyewe unategemeza ukuta wa zizi la ami yako Sabatino. Ukiutoa, ng'ombe anaangukiwa. Nimekaa na barua yako Kwaresima nzima. Kisha nikaenda baa kwa Quirino, nikamwambia anirekodie kwenye redio kaseti yake. Kaseti iko humu. Ni mimi napiga tari na kuita hatua. Kelele ya nyuma ni wacheza karata, wapuuze.

Mguu wa kulia ukanyage chini kama unazima kijinga cha moto, wa kushoto uje kwa heshima. Wanaume waende upande wa jua, wanawake upande wa pili. Chini, juu, chini, juu, na asiangalie mtu utepe wake. Atazame macho ya anayekuja. Vijana wataona haya na watacheka. Waache wacheke, wakichoka watacheza. Tepe zikishuka mpaka usawa wa kichwa cha mpiga kodiani, maana yeye yuko katikati ameuegemea mlingoti, mnageuka na kuzifumua.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna mwisho, na bila huo ngoma haijakamilika. Ndipo hapo Bi Assunta anaposimama. Tepe zikiwa huru, wanaume wanapiga goti na kutoka. Wanawake mnabaki. Mnaziachia tepe zimwangukie mpiga kodiani. Mnajifunika mitandio, mnamgeuzia mgongo, mnasimama kimya mpaka aache kupiga na kuondoka. Ni salamu yetu kwa mwanamuziki.

Huu wafundishe wanawake peke yao, mlango umefungwa. Bi Assunta ni mzee, usimsumbue kwa hilo. Na mpiga kodiani asiujue kabla ya siku yenyewe. Ndiyo desturi, ukiivunja utaniharibia ngoma yote.

Shangazi yako,
Ersilia


Hamilton
10 Juni 1974

Ersilia,

Nilijua una moyo mzuri. Mirella amenionyesha kaseti. Niliposikia sauti yako ukiita "Juu! Chini!" ilibidi nitoke nje kidogo, nikawaambia ni moshi wa sigara.

Vijana wanakuja kutoka zamuni na mavazi ya kazi, wanacheza. Wanawake wanafunga mlango kwa mazoezi ya sehemu yao ya mwisho, wanacheka huko ndani, mimi natimuliwa kama paka. Hata sikumbuki kama zamani kulikuwa na jambo la siri, lakini wewe ndiye mwalimu. Meya amekubali kuja.

Nakutumia kahawa, soksi za nailoni na kitambaa cha hariri. Yaliyopita tuyaache huko yalikopita.

Berardo


Colledonato
2 Julai 1974

Berardo,

Mzigo umefika. Kahawa nzuri. Soksi nimempa mke wa Quirino. Kitambaa nimemfunga mbuzi wangu shingoni, kimempendeza sana, hata wenzake wanamwonea wivu.

Siku hiyo simama karibu na mlingoti, kodiani uipige kwa nguvu.

Ersilia


Hamilton
14 Agosti 1974

Mwanamke wewe,

Umefurahi? Kaa chini basi ufurahi vizuri, nikupe yote.

Uwanja ulijaa. Meya mstari wa mbele na mkewe. Ngoma ilikwenda kuliko nilivyowahi kuiona hata kwetu. Tepe zilishuka kama nywele za mtoto aliyesukwa na mama yake, zikafumuka bila fundo. Nilikuwa nalia huku napiga, mjinga mimi, nikisema moyoni Mungu ambariki Ersilia. Kisha wanaume wakapiga goti na kutoka, na wanawake wakabaki.

Zikaniangukia zote. Kichwani, mabegani, kwenye kodiani. Aliyetangulia kugeuka ni binti yangu, anatabasamu, anadhani ananiheshimu! Wenyeji wakapiga makofi wakidhani ni urembo. Lakini kwenye viti vya nyuma walikokaa wazee wetu hapakusikika hata kikohozi. Nikiacha kupiga, nimekiri. Nikiendelea, migongo haiondoki. Nilipiga mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo Bi Assunta akasimama na fimbo yake, akauliza kwa sauti ya bombani, "Berardo, ni kwa Ersilia, au kuna mwingine?"

Niliondoka nikiburuta utepe kama ng'ombe aliyekata kamba.

Mimi ni mtu ninayeheshimiwa hapa. Umemtumia mtoto wangu. Kwa roho kama hiyo yako, ndiyo maana ulibaki na njaa ya mume. Usiniandikie tena, wala usimwandikie Mirella.

B. Iezzi


Hamilton
8 Septemba 1974

Shangazi Ersilia,

Baba amenikataza kukuandikia. Nakuandikia.

Bi Assunta amenieleza yote, amekaa jikoni kwetu, hakugusa kahawa. Alikuwa mmoja wa waliokugeuzia mgongo. Alikuwa na utepe wa kijani, rafiki yako, aliyelala kwenu siku ya kujaribu gauni. Ndiyo maana kila akifika pale analia. Mama alikuwa anasikiliza. Mama ni mtu wa Friuli, kaskazini kabisa mwa Italia, mambo ya Colledonato hayajui. Aliambiwa kwamba baba alidanganywa na mchumba wake, na miaka yote hii amekuwa akimwonea huruma.

Jioni hiyo mezani mama alimuuliza, "Ni kweli yule msichana alikuwa na askari?"

Baba akasema, "Mambo ya zamani hayo, Nives."

"Sikuulizi ya lini. Nakuuliza ni kweli?"

Baba akakata mkate. Akaukata tena. Akasema, "Ilinibidi niseme kitu."

Mama akazima jiko, akavaa koti, akaenda kwa dada yake mpaka Jumapili. Amerudi, anapika, anafua. Ila mto wake ameuhamishia chumba changu.

Na wewe, Shangazi? Uliniambia ni salamu. Ulichukua miguu yangu ukampiga nayo baba yangu. Ndiye aliyenibeba mabegani kwenye theluji kwenda shule. Nilimgeuzia mgongo nikitabasamu, mbele ya watu, kama kikaragosi. Ungeniambia ukweli ningeamua mwenyewe. Uliona mimi ni wa nini, utepe?

Mirella


Colledonato
6 Oktoba 1974

Mirella,

Nilikudanganya, na ningerudia. Ningekuambia ukweli, ungemuuliza baba yako, naye angekupa uongo mwingine mpya, anao mwingi. Nilikuwa na nafasi moja tu na ilikuwa miguu yako. Kama umeumia, umeumia. Sitakuandikia maneno matamu ambayo hayamo moyoni.

Unataka kujua nilifanya nini barua ya baba yako ya Agosti ilipofika? Niliisoma mlangoni. Nikaisoma tena kwa sauti, pale bombani, hapakuwa na mtu, bomba lenyewe limekauka. Nikarudi nikachinja kuku, nikala, nikanywa divai. Padri mpya ananiambia kisasi hakimshibishi mtu. Padri ni kijana. Mimi nilishiba.

Mwambie Assunta nilimwona akilia hata siku ile, mtandio wake ulikuwa unatikisika. Lakini aligeuka. Hayo mawili nimeyaweka pamoja, sijui kuyatenganisha, na yeye asijisumbue kuniomba.

Kuhusu wewe: umesema ungeamua mwenyewe. Amua. Ngoma sasa ni yako, mimi nimebaki na mbuzi. Ukitaka, ukate ule mgeuko. Zifumueni tepe, mpigiwe makofi, mwende mkale. Hakuna atakayekuja kukukagua. Ila uukate wewe. Asikukatie yeye.

Ersilia


Hamilton
19 Agosti 1975

Shangazi Ersilia,

Nimekaa kimya karibu mwaka mzima kwa sababu nilikuwa naamua.

Machi ilikuja barua kutoka tamasha kubwa la Toronto. Walikuwa wametuona. Wanatualika, na wameandika kwamba hasa wanautaka ule mwisho, "ambao hatujauona kwa taifa jingine lolote." Baba aliisomea kamati, akasema mwisho uondolewe, unachosha watu. Wakamuuliza, "Kwa nini, mwenyekiti, na wao ndio wanaoutaka?" Vijana hawajui kisa. Wazee wanakijua, wakamtazama tu. Angeweza kusema sababu. Hakusema. Na mpiga kodiani mwingine hatuna.

Kule nyumbani nikamwambia, "Baba, mwaka jana niligeuka bila kujua. Mwaka huu nitageuka ninajua. Hutaki nigeuke, andika Colledonato useme ulimsingizia."

Akasema, "Huko nani amebaki wa kusomewa?"

"Yeye."

Akasema nimekosa adabu, akawasha televisheni. Nilimpa muda mpaka siku ya safari. Kwenye basi nilikaa karibu naye. Alinigawia chungwa lake. Hakuandika, Shangazi, na mimi nililila lile chungwa, na bado nikageuka.

Lakini si hilo ninalotaka kukueleza. Mama alikuja. Mama hajawahi kucheza nasi, siku zote alisema ngoma hii ni kelele za watu wa milimani. Alikaa mstari wa pili na mkoba wake magotini. Wanaume walipopiga goti na kutoka, kabla hatujaziachia tepe, nilimwona anapanda jukwaani kwa ngazi za pembeni, na koti lake, na viatu vyake vya kanisani, mkoba mkononi. Nikadhani anaumwa. Akapenya kati yangu na Concezia, akamtazama baba. Akatoa leso kwenye mkoba, akajifunika kichwa kwa sababu mtandio hakuwa nao, akageuka. Wa kwanza. Sisi tukamfuata yeye.

Shangazi, baba alipiga. Nyuma yetu tulikuwa tunaisikia kodiani peke yake, na pumzi yake. Ukumbi mzima ulisimama. Walishangilia mpaka mimi nikaogopa. Mama hakutikisika. Baba alipoondoka tulisikia viatu vyake mpaka mwisho wa ngazi.

Tumealikwa Ottawa mwakani, na Toronto tena, na huku Hamilton kila Agosti. Kamati imempigia baba makofi na kumwongezea miaka ya uenyekiti. Mama ameanza kuja mazoezini. Hatua hajui hata moja, anawakanyaga wote. Hii ni kaseti ya siku ile, nimekurekodia ili usikie.

Binti yako,
Mirella


Colledonato
14 Septemba 1975

Mirella mwanangu,

Nimesikiliza kwa Quirino, na wacheza karata niliwafukuza.

Mama yako asione haya kwa kuwakanyaga watu. Mwanzoni wote hukanyaga. Nisalimie kwake, na umwambie leso inatosha.

Mnacheza vizuri. Kuna kosa moja tu, nimelirudia kulisikiliza mpaka nimekuwa na hakika. Pale mwisho, mkishageuka, baba yako anaharakisha. Anakimbilia kumaliza. Mwambie hapo hapakimbiliwi. Mwakani apige polepole, kila mwanamke asimame imara kwanza, atulie, avute pumzi.

Kisha aendelee kupiga.

Ersilia Colasante